Sura ya Tisa: Jogoo Aliyesubiri Adhuhuri

Filister alikuwa ameketishwa kitandani kwa mama yake tangu asubuhi, ndani ya gauni la kitenge ambalo hakulichagua yeye, na sasa jua lilikuwa linaanza kushuka. Mlango wa nyuma wa chumba ulitokea jikoni kwa mama yake, na wa mbele ulikuwa wazi. Ila katikati ya mlango kulikuwa na kiti, na juu ya kiti kulikuwa na shangazi yake Phelesia, na sijui ni kufuli gani katika Ndhiwa nzima lingeweza kuziba mlango kumshinda Phelesia.

"Waya, nataka hewa kidogo," Filister alimwambia shangazi yake.

"Hewa iko humo ndani. Vuta."

"Basi nataka kwenda msalani."

"Si ulikwenda saa ile? Bibi arusi hatoki toki ovyo wageni wakiwa wamekaa. Utatoka ukiitwa."

"Nitaitwa lini?"

"Wanaume wakimaliza maneno. Na wanaume wakianza maneno, unawajua."

Sebuleni, upande wa pili wa ukuta, mtu alikohoa. Filister alikamata ubao wa kitanda. Alikijua kikohozi kile. Ndivyo Maroa alivyosafisha koo kila alipotaka kusema jambo linalomtia woga, na hivyo ndivyo alivyokohoa siku aliyomwambia kwa mara ya kwanza kwamba anampenda. Hakuwa amemwona tangu mvua zianze. Alikuwa hapo, hatua chache tu, na ukuta wenyewe haukufika hata kwenye mabati. Angeweza kumrushia kiatu. Kumwona, hapana.

Mvua zilipoanza ndipo mama yake, Milka, alipompigia simu kule Suna alikofanya kazi na kumwambia goti limemkataa, haliinuki, haliinami, aje mara moja. Filister alifunga kibanda chake, akabeba mkoba mmoja, akakimbia nyumbani. Alimkuta mama yake anatembea uani na debe la maji kichwani. Goti halikutajwa tena. Kilichotajwa, jioni ile ile, ni habari zilizokuwa zimefika Ndhiwa kabla yake, kwamba kuna dereva wa lori, Mkuria wa kule Isebania, na kwamba anataka kuleta watu.

"Utakaa hapa mpaka tumwone huyo mtu ni nani," Milka alisema, na akaendelea kuchambua dagaa wake wa omena.

Hakuna aliyemfunga kamba. Mwanamke wa umri wake hafungwi kamba. Alifungwa kwa maneno madogo madogo: mama yako ataaibika, watu watasema umetoroka, ngoja kidogo tu. Phelesia aliletwa kutoka kwake akae "kusaidia kazi", na kazi yake ikawa kiti hicho.

Kule Suna, Filister alikuwa na kazi ambayo mama yake hakuwahi kuielewa. Aliwafundisha watu kupanga siku. Alikuwa amemtunza bibi mmoja wa Kihindi huko Kisumu, Bi Kokila, mpaka bibi huyo alipoaga dunia, na katika miaka ile bibi alimfundisha elimu ya Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, aliyoipata kwa mama yake mwenyewe. Amka kabla ya jua. Kunywa maji ya moto kabla ya kitu kingine. Safisha ulimi. Jipake mafuta ya simsim, taratibu, kuanzia utosini hadi nyayoni, ndipo uoge. Chakula kikubwa ukile jua likiwa juu ya kichwa, kwa maana moto wa tumbo huwaka pamoja na jua. Jioni kula chepesi, tembea kidogo, ulale mapema. Ni mambo mepesi kuyasema. Kuyaishi ndiko kunakomtoa mtu jasho.

Nyumbani kwa mama yake yalimshinda mwenyewe. Chakula cha jioni kilikuja wakati yeye angekuwa ameshalala. Akiwasha moto kabla ya mapambazuko kuchemsha maji, Milka alitokea mlangoni: "Maji ya moto bila majani ya chai ni ya kumkaribisha nani?" Akijipaka simsim, Milka alicheka mpaka akashika ubavu: "Njooni muone, mtoto wangu anajikaanga kama chapati!" Filister alicheka naye siku za kwanza. Baadaye hakucheka. Alihisi siku zake zinachukuliwa moja moja na kuliwa na watu wasiokuwa na njaa.

Na sasa ilikuwa leo, siku ya wageni, na leo nayo ilikuwa imeharibika. Baba Mkubwa Elkanah, aliyesimama mahali pa marehemu baba yake, aliishi kisiwani Remba, na asubuhi ziwa lilichafuka, boti hazikuondoka. Bila yeye hakuna neno ambalo lingesemwa, na bila maneno hakuna sahani ambayo ingetoka jikoni. Maroa na baba yake mdogo, mzee Nyamhanga, walifika mapema wakaketi na soda zao. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Elkanah alipoingia, suruali imelowa mpaka magotini, jua lilikuwa limekwisha kupoa. Wakazungumza. Wakazungumza tena. Ng'ombe walitajwa, wakapunguzwa, wakaongezwa. Na maneno yalipokubaliana, Filister alisikia sauti ya Baba Mkubwa ikisema kwa furaha:

"Sasa chakula! Mkwe wetu ale jogoo wake."

Filister alifumba macho. Dirishani mstari mwekundu wa mwisho ulikuwa umelala juu ya mashamba ya miwa.

"Mbona umejikunja?" Phelesia aliuliza.

"Jua limezama, Waya."

"Linazamaga kila siku. Usiliogope."

Ila Filister alikuwa na sababu ya kuliogopa.

Maroa aliposhuka kwake Suna kwa mara ya kwanza alikuwa ametoka hospitali. Miaka mingi alikuwa ameendesha lori la mahindi usiku kucha, miraa shavuni, soda mkononi, nyama ya kuchoma popote palipokuwa na moshi, mpaka siku moja alipotapika damu kando ya barabara. Dawa alikunywa zote. Vidonda vya tumbo vilifunga. Lakini daktari alimwambia waziwazi kwamba tumbo lile likichezewa tena, halitangoja afike hospitali. Madaktari walikuwa wamemponya tumbo. Kilichobaki kuponywa ni siku zake.

"Yaani, dada, nimetoka Isebania kuja kufundishwa kunywa maji?" alimuuliza Filister, amekaa kwenye kigoda kidogo, magoti karibu na masikio.

"Umekuja kufundishwa kuamka. Maji yanafuata."

Alicheka. Alikuwa na kicheko cha polepole, kilichoanzia machoni. Filister aliinama kutafuta kifuniko cha chupa ambacho hakikuwa kimepotea.

Alijifunza yote, Maroa. Aliacha safari za usiku, akachukua mizigo ya mchana. Alipiga simu kila alfajiri kusema maji yamechemka. Mara moja tu alianguka: madereva wenzake walimkuta mjini Rongo, wakamvuta mkono, akala nyama nao giza limeingia, akalewa kicheko. Asubuhi alikuja kwa Filister uso umekuwa wa majivu, amejishika tumbo. Filister alilia kwa hasira siku hiyo. "Ukila nyama tena baada ya jua kuzama, usinitafute!" alimwambia. "Sitaki kukupenda halafu nikuzike." Na Maroa aliapa, mkono wake juu ya kichwa cha Filister.

Hiyo ilikuwa ahadi ya kwanza. Ya pili Filister alimwomba yeye mwenyewe, kwa simu, kwa kunong'ona, alipojua wageni wanakuja: usiwaambie nyumbani kwamba uliugua. Dada yake Beverly aliolewa na mwanamume mgonjwa aliyefichwa ugonjwa wake, akarudi nyumbani mjane kabla mtoto hajajua kutembea. Tangu hapo Milka alikuwa na msemo mmoja tu: mkwe mgonjwa hatapita tena kwenye lango langu.

Sasa ahadi zote mbili zilikuwa zimekaa pamoja na Maroa mezani, na mbele yake alikuwa jogoo mzima, amezama kwenye mchuzi na samli, na mlima wa ugali wa mtama. Asile, amemkataa mama. Aeleze kwa nini hali, amejitaja kuwa mgonjwa. Ale, basi. Filister alikataa hata kufikiria mwisho wa hiyo ya tatu. Ni yeye aliyemjengea kizimba hicho, ufito kwa ufito, kwa mapenzi.

Walisikia maji yakimiminwa mikononi. Walisikia Beverly, aliyekuwa akiandaa, akisema karibuni. Walisikia mzee Nyamhanga akila na kusifu.

"Kijana," sauti ya Elkanah ikasema, "mbona mkono umekauka?"

Kikohozi. "Nimeshiba, mzee."

Phelesia aligeuza kichwa polepole. Filister aliuma kidole. *Maroa, Maroa, useme lolote, usiseme hilo.*

"Umeshiba?" Elkanah aliuliza. "Umeshibia wapi? Umekaa hapa tangu asubuhi, mimi ndiye nimechelewa."

"Asante sana kwa chakula, mzee. Kinanukia vizuri mno."

"Chakula cha kunusa tunampa paka."

Mzee Nyamhanga alicheka peke yake. "Huyu hula kidogo kama ndege," alisema. "Tangu utoto. Mwacheni, mimi nitakula sehemu yake."

"Sehemu ya mkwe hailiwi na baba mdogo," Elkanah alisema, na hakucheka.

Ndipo Milka alipoingia chumbani kwa mlango wa nyuma, ananuka moshi, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu. Yeye hakuweza kuingia sebuleni. Mama mkwe hakai chumba kimoja na mkwe wake, hali naye, hasemi naye uso kwa uso. Heshima ndivyo ilivyowekwa katika boma hilo. Alikuwa amepika siku nzima kwa ajili ya mtu asiyeweza hata kumtazama.

"Amenikataa," alinong'ona.

"Mama, hajakukataa."

"Phelesia, nenda uwaulize chakula changu kina nini."

Phelesia alinyanyuka, akaenda hatua tatu, na Filister alimsikia vizuri akisema sebuleni: "Mama wa nyumba anauliza kama mkwe anahofia kurogwa." Akarudi, akaketi.

"Waya!" Filister aliruka. "Mama hakusema hivyo!"

"Nimefupisha."

Sebuleni kulikuwa na mchafuko wa sauti. Maroa alikuwa anasema hapana, hapana, mama asifikirie hivyo kamwe. Elkanah alikuwa anasema pole pole, sauti yake ya kikao: "Mkwe wangu, sikiliza. Hapa kwetu mtu akija kuomba binti halafu akakiacha chakula cha mama yake, ametujibu. Hatuhitaji kumuuliza tena. Sisi si watu wa kulazimisha. Tutainuka kwa amani, ng'ombe wako watabaki kwako, na tutaendelea kusalimiana barabarani."

"Mzee..."

"Sahani iko mbele yako. Mimi nimemaliza."

Milka aliketi kitandani kando ya binti yake. Kisha akasema, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi: "Unaona? Nilijua hatutoshi kwake."

"Mama, si hivyo."

"Ni vipi basi?"

Filister alifungua kinywa. Alimtazama mama yake, mikono yake iliyopasuka kwa majivu na maji, akamwona siku ile ya mazishi ya mume wa Beverly, amekaa chini akipiga ardhi kwa kiganja na kuuliza kwa nini hakuambiwa. Akafunga kinywa.

Upande wa pili, maji yalimiminwa tena mikononi.

Kila mtu alisikia. Milka aliinua kichwa, uso ukaanza kufunguka. Phelesia alitabasamu. Filister alisikia kiti kikivutwa karibu na meza, alisikia mzee Nyamhanga akisema kitu kwa Kikuria, haraka, kwa sauti ya chini, na hakuhitaji kuijua lugha ile ili aelewe kwamba mzee alikuwa anambembeleza mtu asifanye jambo. Na alimsikia Maroa akijibu kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayesema akijua ukuta una masikio:

"Acha, Baba Mdogo. Akinichukia kesho kwa kuvunja ahadi, angalau atakuwa mke wangu."

Filister alisimama.

"Kaa chini," Phelesia alisema.

"Maroa, usile!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Ilipanda juu ya ukuta, ikapiga mabati, ikashuka sebuleni.

Hebu fikiria. Nyumba ambayo mama yake ametoka tu kuuliza kama anashukiwa uchawi, jogoo mezani, mkono wa mkwe njiani, na bibi arusi mwenyewe, kutoka chumba cha mama yake, anapiga kelele kwamba asile. Nyamhanga aliacha tonge lake lianguke. Elkanah, aliyekuwa ameshakula paja zima la kuku mwingine, alijishika koo.

"Filister," Milka alisema. Hakupaza sauti. "Umenifanya mchawi mbele ya wakwe."

"Mama..."

"Nyumbani kwangu. Kwa kinywa cha mtoto wangu."

"Mama, chakula chako hakina kitu. Ni yeye. Maroa ana vidonda vya tumbo. Alitapika damu. Alikaribia kufa." Maneno yalimtoka yakigongana. "Akila nyama na samli usiku, tumbo linaweza kufunguka tena. Mimi ndiye niliyemkataza. Mimi ndiye niliyemwambia asiwaambie. Yeye alitaka kusema, nikamwomba anyamaze, kwa sababu yako, kwa sababu ya Beverly. Amekaa hapo anatukanwa kwa ajili yangu."

Milka alitazama mikono yake.

"Ni mgonjwa," alisema.

"Amepona. Lakini lazima aishi kwa mpangilio."

"Watu wa mkwe wa kwanza nao waliniambia ni malaria kidogo." Aligeuza uso ukutani. "Sitamzika mkwe mwingine, Filister. Sina nguvu hizo tena. Phelesia, nenda uwaambie wabaki na ng'ombe wao."

Phelesia hakuondoka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana hajui afanye nini na miguu yake. Hakukuwa na haja, kwa vyovyote, maana ukuta ulikuwa umeshapeleka ujumbe wote. Kule ng'ambo kikasikika kikohozi kile, na Maroa akasema, wazi, akimwelekea mtu asiyepaswa kusema naye:

"Mama, nisamehe kwa kupaza sauti. Sikumkataa kuku wako. Nilikataa kufa kabla sijamuoa mtoto wako."

Milka alijifunika mdomo kwa kanga.

"Mwambieni," alisema, "mwambieni asiongee na mimi."

"Anasema usiongee naye," Phelesia alipaza sauti kutoka kitini.

"Nimesikia, Mama Shangazi."

"Amesikia," Phelesia alimwambia Milka.

"Mimi pia nina masikio!" Milka aligeuka kwa Filister. Macho yake yalikuwa mekundu, ila kulikuwa na jambo lingine ndani yake, udadisi wa mtu aliyelea watoto na wagonjwa maisha yake yote. "Anaishije, huyo mtu? Siku yake ikoje?"

"Anaamka kabla ya jua. Anakunywa maji ya moto."

"Bila majani."

"Bila majani. Anasafisha ulimi. Anajipaka simsim."

"Mwanaume mzima? Dereva wa lori?"

"Mpaka nyayoni, Mama. Halafu anaoga, anakula kidogo, anaenda kazini. Mchana anaegesha lori anakula vizuri, ameketi, bila simu mkononi. Hata kuku anakula, mchana. Jioni anakula uji au ndengu laini kabla ya giza, anatembea kidogo, analala."

"Hayo ni maisha ya mgonjwa."

"Ni maisha, Mama. Hilo tu ndilo ninalolitaka kwake."

Mlangoni, nyuma ya kiti cha Phelesia, Beverly alikuwa amesimama na birika la kunawia mikono. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Dada huyu hakuwa msemaji. Tangu msiba wake alijibu alipoulizwa, akafua, akapika, akalala.

"Wangu alikula kila alichopakuliwa," alisema.

Milka alimtazama.

"Daktari alimkataza pombe, akamkataza vingi. Lakini tukija hapa, ulimwekea, akala. Kwa mama yake, akala. Kwa marafiki, akanywa. Hakuwahi kumwudhi mtu yeyote, Mama. Ulimpenda sana kwa hilo." Beverly alihamisha birika mkono mwingine. "Ningempata mmoja wa kukataa sahani, ningekuwa naye hadi leo."

Aligeuka akarudi sebuleni. Milka akanyanyuka kwa kusukuma kitanda kwa mikono miwili, akatoka kwa mlango wa nyuma, na Filister akabaki anaangalia mahali alipokuwa ameketi, na kiti, na shangazi juu ya kiti.

"Waya, amekwenda wapi?"

"Mimi nalinda mlango huu tu."

Kulikuwa na sauti za jikoni. Kuni zilivunjwa. Sufuria iligonga jiko. Sebuleni wanaume walikuwa wanakohoa kohoa na kuzungumza juu ya mvua, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Filister aliomba, bila maneno mazuri, akirudia jina moja. Harufu ilipomfikia hakuiamini. Ilikuwa harufu ya uji wa wimbi ukichemka.

Beverly alipita na agwata, kile kibuyu kikubwa ambacho Milka alikitoa kwa sherehe tu, kimejaa uji mwembamba unaofuka. Akasimama sebuleni akasema kama alivyotumwa:

"Mama anasema huu ni uji wa mkwe. Anasema watu watamcheka Ndhiwa nzima kwamba hana unga wa ugali. Anasema wacheke."

Filister alisikia kibuyu kikipokelewa. Alisikia pumzi ikipuliza uji. Halafu alisikia Maroa akinywa, polepole, bila kupumzika, mpaka chini kabisa, na kibuyu kikawekwa mezani kwa sauti tupu.

"Kuna mwingine?" Maroa aliuliza.

Mzee Nyamhanga alianza kucheka. Elkanah akamfuata, kicheko kikubwa cha watu wa ziwani, na akapiga meza. "Mleteni binti!" alisema. "Mleteni, kabla sijafa kwa njaa ya kungoja harusi!"

Phelesia aliinuka. Alikibeba kiti chake, akakiweka pembeni, akaunyoosha mkono. "Pita," alisema.

Sebule ilikuwa na mwanga mdogo wa taa ya sola. Filister alipiga magoti kidogo kuwasalimu wazee, na hapo tu akathubutu kumtazama. Alikuwa amekonda kidogo. Alikuwa amenyoa. Juu ya mdomo wake kulikuwa na mstari wa uji, na Filister alitamani kuufuta kwa kidole gumba zaidi ya alivyowahi kutamani kitu, na wazee walikuwa pale, na mikono yake ikakaa mahali pake. Maroa alimtazama kama mtu aliyepewa maji ya kunywa.

"Unawajua watu hawa?" Elkanah aliuliza.

"Nawajua, Baba Mkubwa."

"Tule ng'ombe zao?"

"Kuleni," Filister alisema, na sauti ikamkatika katikati. "Ila muwale mchana, Baba Mkubwa. Mchana."

Walicheka mpaka jogoo wa watu akatikisika mezani. Alikuwa bado mzima, amepoa, mafuta yameganda. Wote walimtazama kwa pamoja, na wote wakakumbuka.

Sauti ya Milka ikatoka dirishani, nje, gizani, bila kuelekezwa kwa mtu yeyote.

"Huyo kuku sijamsamehe. Mmfunge. Wageni wanarudi Isebania, na kuku anakwenda nao, ataliwa kesho adhuhuri jua likiwa juu ya kichwa kama mnavyosema. Lakini mimi siamini maneno. Filister na Beverly watakwenda naye. Waketi pale wamwone akila. Halafu mniletee mifupa."

"Mifupa, Mama?" Beverly aliuliza.

"Yote. Nataka kuiona."

Hakuna aliyesema kwamba hiyo ilikuwa ruhusa. Milka asingekubali iitwe hivyo. Filister alitoka kwa mlango wa nyuma, sufuria imefungwa kwa kitambaa mikononi, akamkuta mama yake ameegemea ukuta wa jiko. Walisimama pamoja. Kwenye lango Maroa alikuwa anazungusha gari la baba yake mdogo, taa zake zikipita juu ya migomba.

"Mama, ahsante."

"Sijamkubali mtu. Nimekubali uji." Milka alirekebisha kitambaa cha sufuria ambacho hakikuhitaji kurekebishwa. "Ukirudi na mifupa, uje na yale mafuta."

"Mafuta gani?"

"Yako. Ya simsim."

Filister alimtazama. Mama yake alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine umelegezwa, kidole tu ndicho kinachogusa chini, kama alivyosimama, sasa Filister alikumbuka, kila jioni tangu mvua zilipoanza.

"Mama. Goti?"

"Nilikuambia kwa simu," Milka alisema. "Ulipofika ukanikuta na debe kichwani, ukaamua nimekudanganya. Beverly alikuwa shambani. Nani mwingine angechota hayo maji?"